Penseli Pembeni mwa Magazeti

Walisema sitaweza. Jirani yangu wa mtaa wa Bakoba, fundi baiskeli, alilisema hilo mbele ya wateja wake: "Miaka yote ile Dar, amerudi na stashahada ya kutunza karatasi! Magazeti ya zamani sisi tunafungia senene wa kukaanga." Wakacheka. Nami nikacheka, kwa sababu fundi huyo huyo ndiye aliyenikopesha hela ya kuanzia. Shangazi yangu wa Izimbya naye aliuza kahawa akanipa fedha, akaniambia, "Ukishindwa, baba, utakuja kupalilia migomba yangu." Mimi sikurudi nyumbani kupalilia migomba.

Kazi yangu ni kupima thamani ya magazeti ya zamani. Wengi hudhani gazeti likizeeka tu linakuwa ghali. Sivyo. Kwanza nahesabu kurasa, maana huku kwetu ndugu akitokea gazetini, ukoo hukata picha yake ukaitia kwenye fremu, na gazeti linabaki na dirisha. Kisha naangalia mkunjo, unyevu na meno ya mchwa. Toleo la kwanza nalitambua kabla sijaliinua mezani. Kama kuna mwingine wa hivyo Bukoba nzima, bado sijakutana naye.

Kamachumu nilimpata mjane wa mwalimu. Juu ya jiko lake la kuni kulikuwa na kichanja, na kichanjani magazeti ya miaka mingi, rangi ya kahawa iliyokaangwa. Moshi ulikuwa umewafukuza mchwa wote. Hakuna ukurasa uliokosekana! Lakini hela niliyokuwa nayo haikufika hata nusu ya thamani yake, na mimi sidanganyi wajane.

"Yachukue, waitu," akasema, akiniita kwa upole wa Kihaya. "Ukiuza utaniletea changu. Usipouza, rudisha yote."

Akawa mkopeshaji wangu wa tatu.

Kasoro ilikuwa moja. Pembeni mwa kila ukurasa wa kwanza marehemu aliandika kwa penseli. Chuoni tulifundishwa kwamba maandishi ya mwenye gazeti hushusha bei. Mvua ilikuwa imenizuia barazani, basi nikatoa ufutio, nikaanza.

"Unafanya nini?"

"Nasafisha, maawe, mama yangu. Napandisha bei."

"Huo ni mkono wa mume wangu!" Alininyang'anya ufutio kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. "Umesoma karatasi, lakini haya hujayasoma."

Nilikuwa nimefuta mstari mmoja. Niliona haya, jambo ambalo halinipati mara nyingi. Hata hivyo aliniachia niyachukue, na njiani kurudi mjini nikayasoma yote.

Mnunuzi alikuja kwa ndege kutoka Dar, mtu wa kukusanya vitu vya kale. Tulikutana hotelini karibu na ziwa. Akafungua gazeti la juu, akanusa, akakunja uso.

"Yananuka jiko. Na yamechorwachorwa. Nitakupa nusu ya bei yake."

Nusu ingemlipa mjane peke yake. Fundi angenitangaza mji mzima, na jembe la shangazi lilikuwa linanisubiri.

"Magazeti haya utayapata hata maktaba," nikamwambia. "Hiki huwezi kukipata." Nikamsomea pembeni: "Nimewasomea watu kumi na wawili baada ya misa. Bei ya kahawa hawakuiamini, wakaniambia nirudie." Na lingine: "Mzee mmoja amesema gazeti linadanganya, kisha ameomba kesho nimsomee tena."

Mnunuzi akacheka, akavuta kiti. Tulisoma mpaka chai ikapoa. Nilitaja bei yangu, si yake, naye akailipa. Gazeti moja tu sikumuuzia.

Kesho yake niliwalipa wote. Fundi nilimhesabia polepole, mbele ya wateja wale wale. Shangazi nilimpelekea fedha na sukari.

"Na palizi?" akauliza.

Nikapalilia mstari mmoja nikiwa na viatu vyangu vya mjini, kwa raha zangu.

Jioni nilifika Kamachumu. Mjane alipokea fedha bila kuzihesabu, kisha nikampa lile gazeti nililolifuta. Alilipeleka mlangoni, akaliinamisha kwenye mwanga. Maandishi yalikuwa yamefutika, lakini ncha ya penseli ilikuwa imeacha mfuo kwenye karatasi. Akasoma taratibu, kidole kikifuata:

"Leo mvua. Hakuna aliyekuja. Nimemsomea mke wangu."

Akalirudisha kichanjani juu ya jiko, akaniambia nisiondoke kabla sijala.