Ufunguo wa Kipimo cha Mvua

Zamani za Mwingereza nilikuwa mwinjilisti katika kijiji karibu na Ipole. Kiangazi kimoja Bwana Shamba, Mzungu, alinikabidhi kipimo cha mvua: kopo refu la shaba lililozikwa nusu ardhini, chupa ndani yake, na ua wa waya wenye kufuli. Kila asubuhi nilitazama chupa na kumwandikia kitabuni kiasi cha mvua. Mwezi mzima niliandika sifuri.

Mwenye duka alikuwa na redio ya betri. Siku moja tulisikia humo utabiri wa hali ya hewa: mvua ingeanza kwetu kabla ya Jumapili. Kwa furaha nikautangaza kanisani. Sikufikiri. Utabiri watu wetu waliujua kwa manabii na kwa waganga. Ilinipasa kusema tu kwamba wataalamu wanakisia.

Jumapili ikaja na jua kali. Salamu zikawa fupi. Nikaona nyayo zimezunguka ua wangu wa waya.

Kwetu watu hulimiana mashamba kwa zamu. Zamu yangu ilipofika, walimaji walipita na ngoma yao wakaenda kwa jirani. Mke wangu alikuwa na mimba kubwa. Peke yangu nisingemaliza kulima, na mwaka ule tungelala njaa. Nikamwendea bibi aliyeongoza zamu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kututabiria tena?"

Wenzake wakacheka chini chini.

"Nimekuja kuuliza kosa langu."

"Chungu chako kile. Waliofunga mvua zamani nao walizika vyungu. Ila hawakutia kufuli."

"Ni cha kupimia tu, bibi, kama kibaba cha mahindi."

"Kibaba hakizungushiwi waya. Na kila siku unaandika nini?"

"Sifuri."

"Basi mwezi mzima unamwandikia Mzungu kwamba hapa hakuna mvua, halafu Jumapili unamwomba Mungu ailete."

Nilikwenda nikasali, na kesho yake nikampa ufunguo. Akaufunga kwenye pindo la kanga. Tangu hapo kila asubuhi nilimpitia, tukaenda pamoja. Alifungua, akainua chupa juani, kisha akanitazama mimi zaidi kuliko alivyoitazama chupa.

Mvua ilipokuja ilinyesha hadi alfajiri. Nilipofika kwake nikaambiwa ametangulia. Nikamkuta ndani ya ua, chupa mkononi, maji yamefika nusu. Kabla sijasema neno akayamimina yote chini.

"Haya, nendeni shambani," akayaambia.

Kitabuni niliandika ukweli: imenyesha, haikupimwa. Baadaye Bwana Shamba alinikaripia kwa barua, nami nilimshukuru Mungu hata kwa karipio lile. Maana asubuhi iliyofuata mvua ile, umande haujakauka, nilisikia ngoma ya walimaji ikija upande wangu. Bibi alikuwa mbele, jembe begani, na ufunguo bado kwenye pindo la kanga. Sikuudai.