Ndege ya Mabua

Malori mengi unayoyaona kwenye foleni ya Tunduma ni yangu, na darasa la nne sikumaliza. Juzi nilimkuta kitindamimba wangu akiunganisha kindege cha plastiki, nikamkumbuka kaka Osia. Kule Iyula tuliunda ndege ya mabua ya mahindi, kama ya yule rubani wa kitabu chake cha hadithi.

"Tutaunda kubwa, nipande nimelala," alisema, homa ikimtetemesha.

Mchana mmoja baba alitoka chumbani kwa kaka na bua alilompimia, akaanza kuranda mbao. Zilinukia vizuri. Ndani wanawake walikuwa wanalia. Nilidhani wanamuaga msafiri.

"Baba, mabawa yatakaa wapi?"

"Nishikie ubao, mwanangu."

Nikaushika kwa nguvu zangu zote, huku nacheka.