Siku ya Kumleta Baba Mugango

Mimi ni mtoto wa Bunda, wa pamba na ng'ombe, na kwetu mambo yote hupangwa kuukwepa mnada. Halafu nikaolewa Mugango na mvuvi wa dagaa, nikakuta huko mnada hauna amri yoyote. Mwenye amri ni mwezi. Siku za giza la mwezi zikiingia, wanaume wako ziwani na taa zao usiku kucha. Mbalamwezi ikitoka, dagaa hawafuati taa, basi wanaume wanarudi kulala nyumbani.

Ndiyo maana kalenda ya ukutani naitunza kama mboni ya jicho. Napewa kila Januari na duka la Iringo, kule mjini ninakonunua vitambaa, naitundika juu ya cherehani yangu. Siku za mbalamwezi nazipaka njano, za mnada wa Bunda nyekundu, za kukabidhi sare za shule kijani. Mume wangu hucheka, anasema nimebakiza kuapishwa tu niwe waziri. Mwache acheke. Mwezi ukiisha nakaa na chai yangu naitazama, naona wapi nilihangaika bure na wapi niliishi vizuri.

Mwaka jana jambo moja lilininyima raha: baba yangu alikuwa hajawahi kukanyaga kwangu. Mume wangu alikuwa ameenda Bunda kumsalimia akitokea ziwani, akasinzia kitini asubuhi kweupe. Baba hakusahau.

"Mwanaume gani analalaga jua likiwa juu?" aliniambia mbele ya shangazi zangu. "Mwanangu, umepata mvivu."

Iliniuma. Nilitaka aje, amwone mume wangu akiwa macho, akiwa nyumbani kwake. Nikatafuta kwenye kalenda siku ya njano isiyo na nyekundu wala kijani, nikapata Jumapili moja. Niliizungushia duara mpaka karatasi ikakaribia kutoboka, nikampigia simu. Akakubali.

Alikuja na koti lake la kanisani. Mume wangu amenyoa, macho hayana usingizi, anaongea kama redio. Nikaleta ugali na kuku. Baba akafunua bakuli, akafunika tena.

"Dagaa wako wapi?"

"Dagaa, baba?"

"Dagaa wabichi, mama. Nimeaga jirani zangu wote kwamba naenda kula dagaa wa kutoka majini."

Nilitamani ardhi ipasuke. Katika rangi zangu zote sikuwa nimewaza kwamba siku ya mvuvi kuwa nyumbani ndiyo siku dagaa hawapo. Mume wangu alitoka nje, nikamsikia anacheka peke yake nyuma ya jiko.

Baba alisimama mbele ya kalenda, mikono nyuma.

"Giza linaingia lini?"

Nikamwonyesha.

"Basi nasubiri."

"Na mnada, baba?"

"Ng'ombe wapo tu."

Kwetu baba halali kwa binti aliyeolewa, kwa hiyo katekista jirani yetu akampa kitanda. Wakapatana mno. Kila asubuhi baba alikuja kunywa uji kwangu na kuniuliza kama mwezi bado una kiburi. Nilifurahi, sifichi, ingawa sare zilichelewa na duara langu la kalamu lilikuwa halina maana tena.

Giza lilipoingia, mume wangu akaenda ziwani. Alfajiri nilimkuta baba ameshatangulia ufukweni. Aliwaona wavuvi wakiingia kutoka ziwani, nguo zinachuruzika maji, mume wangu akivuta mtumbwi huku viganja vimevimba kwa kamba. Baba alishika ubavu wa mtumbwi, koti lake la kanisani likiwa mwilini, akavuta nao.

Niliwakaanga dagaa na kitunguu. Baba alikula mpaka akaramba vidole. Mume wangu alikula tonge mbili tatu, akaomba radhi, akaingia ndani kulala. Jua lilikuwa limeshawaka.

Nikakaa kwenye cherehani nimalizie sare. Nilikanyaga mara moja tu, baba akanyanyua mkono kutoka mlangoni, alikokuwa anafukuza kuku.

"Acha kwanza hiyo cherehani," akanong'ona. "Mkwe wangu amelala."