Jibu Nililomjibia Mama

Naikumbuka vizuri siku ile, mwanangu, kwa sababu nilidanganya nikiwa nimevaa nguo yangu ya kanisani. Tulikuwa kliniki ya presha Thika, mimi na mama yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nafanya kazi kiwanda cha nguo, na nilijiona mwerevu kuliko wote waliokaa kwenye lile benchi.

Mama alikuwa mkulima wa Ngoliba. Siku za soko alileta nyanya zake Thika. Sasa, tembe moja aliyopewa ilimpeleka haja ndogo kila mara, na choo cha soko kilikuwa mbali, tena hakitamaniki. Kwa hiyo siku za soko hakuimeza. Jumapili pia hakuimeza, maana aliimba kwaya, na mama mzima hawezi kutoka mbele ya kanisa mara tatu watu wakimwangalia. Ukiondoa soko na kanisa, siku za dawa zilibaki chache.

Nilijua. Si kujua tu, ni mimi niliyempangia. Kliniki ikikaribia nilimpitia sokoni nikamwambia, "Maitu, mama yangu, anza leo, usiruke hata moja mpaka upimwe." Alivumilia siku hizo chache, tukaenda, akapimwa, presha ikaonekana nzuri, tukasifiwa. Tulikuwa kama watu wanaofagia uwanja kwa sababu wageni wanakuja.

Siku ile nesi, mwanamke mpole tu, akamuuliza, "Mama, dawa unakunywa kila siku? Hakuna yenye inakusumbua?"

Mama alinitazama. Nakuambia alitaka kusema, midomo ilikuwa imeshafunguka. Nikamjibia mimi: "Anakunywa, sista. Hakosi hata siku moja." Sikutaka tugombezwe mbele za watu. Nesi akaandika, akafunga kitabu.

Tulipotoka nje mama alicheka. "Wee msichana, umedanganya mpaka mimi nikaamini." Nikacheka naye. Hicho kicheko nakichukia hadi leo.

Wiki ya pili, siku ya soko, alianguka kando ya nyanya zake. Hospitalini walisema mshipa umepasuka kichwani. Upande wa kulia ulikufa, na maneno yakaisha. Mwimbaji wetu akawa hawezi kuniita jina. Siku ya tano nilikutana na yule nesi kwenye korido, nikamwambia yote huku nalia.

Hakunigombeza. Alisema polepole, "Si mngesema tu. Hiyo dawa tungeibadilisha. Ziko zingine hazisumbui hivyo."

Kugombezwa ningevumilia. Maneno hayo yamenishinda kuvumilia, na sasa mimi ni bibi wa wajukuu. Mama alifariki siku ya tisa, nimemshika ule mkono uliokuwa umebaki na nguvu.

Sasa nakaa Ruiru, na presha nami imenipata. Binti yangu hunisindikiza kliniki, na nimemkataza kabisa kunijibia. Hununa kidogo, lakini amezoea.

Basi nisikilize. Ukipewa dawa ya kila siku, imeze kila siku, hata ukijisikia mzima, maana presha haipigi hodi. Ikikusumbua, usiiache kimyakimya. Rudi useme, hata kama ni mambo ya choo, hata kama ni ya kitandani. Hao wameshasikia makubwa zaidi. Usimeze za kumfurahisha daktari siku ya kupimwa. Ukigombezwa, gombezwa urudi nyumbani ukiwa hai. Na ukimsindikiza mzazi wako, mbebee mfuko, mshike kwa ngazi, lakini akiulizwa, nyamaza. Mwache aseme mwenyewe.

Mungu akutunze, mwanangu. Akuwekee wazazi wako miaka mingi, na siku utakapowauguza, akupe kuwauguza bila kujuta kama ninavyojuta mimi.