Saa Moja na Nusu Hadi Tabora

Daktari alituambia kwa upole tumrudishe baba nyumbani. Baba alikuwa kwangu Dar es Salaam tangu masika, akitibiwa, na kila siku alilitaja shamba lake la Ntalikwa, nje ya Tabora. Kaka yangu mkubwa, aliyebaki akililima, alisema kwa simu kwamba treni itamchosha mno. Tukaamua apande ndege.

Hakuwahi kupanda ndege maisha yake yote. Njia ya pwani aliijua kwa treni, na babu yake aliijua kwa miguu, mzigo begani.

Nilimkalisha dirishani. Ndege ilipopaa alisinzia. Nilitazama mikono yake juu ya blanketi, nikangoja uchungu uje. Haukuja. Nikasoma kijikaratasi cha maelezo ya dharura mpaka mwisho, nikakirudia. Baada ya kama saa moja na nusu hivi, tukatua.

"Baba, tumefika."

"Wapi?"

"Tabora."

Akachungulia nje. "Hapana, mama. Hapa wanachukua abiria tu."

Kaka alitupokea na gari la kukodi. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Na wewe umekuja huku kuniona?"

Tulimlaza chumbani kwake, kwenye kitanda chake, chini ya msalaba wake wa ukutani. Asubuhi akaniuliza tumefika wapi. Nikamwambia yuko nyumbani. Akageukia ukutani, akakataa uji. Mchana nikamwambia tena, akakataa tena. Nilisema kwa sauti ileile, kama mtu anayesoma tangazo.

Jioni kaka akaingia, akaketi kitandani. Baba akamuuliza swali lilelile.

"Tumeiacha Dodoma, baba," kaka akasema.

Baba akashusha pumzi. "Enhe. Basi bado kidogo." Akanywa uji wote.

Nilimfuata kaka uani. "Unamdanganya mgonjwa."

"Mdogo wangu, mzee bado yuko njiani. Mwache afike."

Kesho yake kaka alimwambia wako Saranda. Siku iliyofuata, Itigi, na baba akataka asali, maana ndiko alikozoea kuinunua dirishani mwa treni. Kaka akamletea kutoka kwa jirani. Mimi nilifua mashuka, nikapika, nikaosha vyombo. Watu wa jumuiya walikuja kusali, nikaitikia sala zote.

Kisha asubuhi moja kaka akasema, "Baba, tunaingia Tabora."

Akaomba ashikwe mkono. Tulimtoa mpaka barazani. Akatazama uwanja uliofagiliwa, banda la kuku, mihogo nyuma yake. Bibi wa jirani akasimama njiani. "Mwangaluka," akamwamkia.

"Mwangaluka," baba akajibu. "Nimerudi."

"Safari ilikuwaje?"

"Ndefu."

Kaka akajifuta macho kwa kiganja. Mimi nikaenda kutafuta kiti.

Baba alifariki baada ya siku chache, akiwa usingizini. Tulimzika pembeni mwa shamba. Wanawake walilia, nami nikawashikia watoto wao.

Nilirudi kwa ndege. Jua lilikuwa bado kali nilipofungua geti langu. Jirani yangu wa Dar alikuwa akianika nguo.

"Ulisema unampeleka mzee kwao lini?"

"Nimeshampeleka," nikasema. Nikaingia ndani, nikabandika maharage jikoni.