Kitambaa cha Miavuli

Emérita wa Kingi, kijiji cha vilima vya Masisi, alikuwa fundi wa nguo, na mume wake Théogène alikuwa fundi wa mashine za kushona. Ndivyo walivyokutana. Mashine ya Emérita ilikwama harusi ya watu ikiwa imekaribia, akaitiwa kijana kutoka Karuba mwenye bisibisi na kichupa cha mafuta. Kijana akaifungua mashine, akaipuliza, akaifunga, kisha akawa anarudi kuiangalia hata pale ilipokuwa haina tatizo lolote. Wakaoana, wakamzaa Myriam, wakajenga nyumba ya mbao juu ya kilima, mahali ambapo ukungu wa asubuhi hupita mlangoni polepole kama ng'ombe wanaokwenda malishoni.

Kazi ya Théogène ilikuwa ya miguu. Washonaji wako kila mahali, hata ndani kabisa ya msitu wa Walikale ambako pikipiki haifiki, na mashine zao zikikwama hakuna wa kuzitazama. Basi kila vita vilipopungua na njia zikatulia, alishuka kupitia Nyabiondo, akaingia msituni, akazunguka kijiji baada ya kijiji, akarudi baada ya wiki kadhaa. Alibeba mfuko mmoja mdogo alioutengeneza mwenyewe kwa gunia la mchele na mikanda ya viti vya gari bovu. Majirani walimcheka. Walisema mwanamke anayekwenda sokoni hubeba zaidi ya huyo.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyeweza kulieleza. Wanaume wengine walirudi kutoka msituni wamekonda, wanakohoa, miguu imechubuka. Théogène alirudi amependeza. Ngozi yake iling'aa, macho yake yalikuwa meupe, alitembea kama mtu aliyetoka kuamka. Nyumbani ndiko alikochoka. Kitandani aligeuka huku na huku, akaketi, akalala tena, na asubuhi uso wake ulikuwa wa mgonjwa. Wanawake wa jirani walisema kwa mzaha kwamba huko chini amepata kitanda kingine. Emérita alicheka pamoja nao, na baada ya kucheka alibaki anafikiri.

Siku moja, mume akiwa kwenye mkutano wa kanisa, aliamua kumfulia mfuko wake. Théogène alizoea kuufua mwenyewe. Ndani, chini ya bisibisi na kopo la sindano, kulikuwa na kitu kilichokunjwa kikawa kidogo kama ngumi. Emérita alikivuta. Kikafunguka, kikaendelea kufunguka, mpaka kikajaa uani na upepo ukaanza kukiinua kama unataka kwenda nacho. Kilikuwa kitambaa kilichoungwa kwa vipande vya miavuli iliyokufa: vyeusi, vya rangi ya damu ya mzee, vya bluu, kimoja chenye maua. Chote pamoja hakikuwa na uzito wa kanga mbili.

Wakati huo alikumbuka jinsi mume wake alivyokuwa akiokota miavuli iliyovunjika kila mahali, sokoni, kwenye mitaro, nyuma ya kanisa. Alidhani anataka vyuma vyake.

Halafu akaitazama mishono. Kwake mshono ulikuwa kama mwandiko. Huu ulikuwa mdogo na wa kubana, wa mwanamke mpenda utaratibu. Huu ulilegea na kuvuta kushoto, wa mtu asiyejali. Ule ulikimbia kwa hatua ndefu, wa mwenye haraka. Kila muungano ulikuwa na mkono wake. Emérita alichuchumaa pale uani akipitisha kidole juu ya mishono, na wanawake wakaanza kumjia mmoja mmoja, mwembamba, mnene, mwenye kucheka, wote wameketi mahali penye kijani, wote wamemshonea mume wake. Mshono wake yeye hakuuona.

Alikikunja kitambaa kama alivyokikuta. Jioni, wakila ndizi na maharage, alisema kwa sauti ya kawaida kwamba safari inayokuja watakwenda wote.

Théogène aliweka kijiko chini. “Iko mbali, Mama Myriam.”

“Niko najua kama iko mbali.”

“Na kule tunalala inje.”

Emérita alisogeza sahani yake pembeni. Alipokuwa msichana familia yake ilikimbia vita. Walilala muda mrefu chini ya shitingi, yale maturubai ya wakimbizi yanayotoa jasho, maji yakipita chini ya migongo yao, kaka yake mdogo akikohoa. Siku aliyoingia katika nyumba yenye bati na mlango aliapa kwamba hatalala nje tena maisha yake yote. Kila mtu nyumbani alikijua kiapo hicho, na Théogène kuliko wote.

“Nitalala kwenye unalala,” akasema.

Myriam, ambaye sasa alikuwa mtu mzima na mshonaji kama mama yake, aliachiwa nyumba na kazi. Emérita akafunga mzigo wake: blanketi nzito la manyoya, sufuria, viatu vya kanisani, mto, na pasi ya makaa, kwa sababu fundi wa nguo haendi ugenini bila pasi. Théogène aliitazama pasi kwa muda mrefu. Aliongeza tu ndani ya mfuko wake kipande kikubwa cha fromaji ya Masisi, ile jibini ngumu inayoshibisha bila kupikwa, na unga wa soya uliochanganywa na karanga.

Pasi na viatu vilibaki Nyabiondo kwa mama mmoja wa kanisa lao. Mto ulibaki kijiji kilichofuata. Sufuria Théogène aliibeba yeye. Blanketi Emérita hakutaka kuliachia. Lakini walipovuka mto wa kwanza lilinywa maji, na kutoka hapo alikuwa kama amembeba mgonjwa mgongoni. Mlimani walikutana na bibi kizee aliyebeba kuni, amejifunika gunia mabegani. Emérita alisimama, akalishusha blanketi, akampa. Bibi alilipokea kwa mikono miwili, akabaki anawaangalia mpaka njia ilipopinda. Emérita aliniambia, mimi jirani yake, kwamba baada ya hapo mabega yake yaliinuka yenyewe, na kwa muda alitembea akishangaa, kama mtu aliyesahau kwamba ana mikono.

Kisha vilima viliisha, na msitu ukawapokea.

Ilikuwa kama kuingia ndani ya maji ya uvuguvugu. Mwanga ulikuwa wa kijani, hata nyuso zao zilikuwa za kijani. Juu sana ndege wenye mbawa kubwa walipita wakipumua kwa kelele, bila kuonekana. Théogène hakutembea haraka. Aliweka mguu, akauacha upumzike kidogo, akaweka mwingine, na Emérita nyuma yake akajikuta anafuata mwendo uleule, mpaka akahisi kwamba si wao wanaokwenda, ni miti inayopita taratibu kwenda Masisi.

Jua likiwa bado juu, mume wake alisimama akasema hapa njo nyumbani, yaani ndipo watakapolala. Emérita hakuona kitu, majani tu. Théogène alivua mabote yake ya mpira, akafuta miguu yake vizuri, akaipaka mawese katikati ya vidole, akamwambia naye afanye hivyo. Alichagua mahali palipoinuka kidogo, akaangalia juu kama hakuna tawi lililokufa, akachimba kwa fimbo mfereji mwembamba wa kupitishia maji. Alikata majani mapana, yale ya kufungia chikwange, mkate wa muhogo, akayatandika kwa tabaka, mishipa ikiangalia chini, mengi mpaka ukikaa unabonyea. Halafu akafunga kamba kati ya miti miwili, akatoa ile ngumi kutoka kwenye mfuko, na kitambaa cha miavuli kikafunguka juu ya vichwa vyao.

Kitu cha mwisho alichotoa kilikuwa mfuko wa plastiki uliofungwa kabisa. Ndani mlikuwa na shati moja kavu na, safari hii, gauni moja la Emérita la pamba. Alieleza kwamba haya hayavaliwi njiani hata kama mtu anatetemeka. Ni ya usingizi tu. Ukiwa na nguo moja ambayo mvua haijawahi kuijua, alisema, umebeba nyumba.

Mvua ilikuja jioni ileile. Emérita aliisikia kwanza mbali, kama watu wengi wanaonong'ona, kisha ikawa juu yao. Alijikunja akisubiri maji yampite chini ya mgongo. Hayakuja. Yalifika kwenye mfereji, yakazunguka, yakaenda zake. Alikuwa mkavu, gauni lilinukia sabuni ya nyumbani, na juu yake matone yalipiga rangi zote, nyeusi na bluu na maua.

Akiwa amelala chali, akiangalia mishono, ndipo alipouliza.

“Papa Myriam, hii mishono iko ya banamuke gani?”

Théogène hakuelewa mara moja. Alipoelewa alicheka kidogo, halafu akaacha. Alieleza kwamba kila akimaliza kutengeneza mashine lazima aijaribu, na akijaribu kwenye kitambaa cha mtu ataharibu. Kwa hiyo huijaribu kwenye vipande vyake. Ule wa kubana ni mashine ya mission moja iliyoko mtoni. Ule wa hatua ndefu ni ya kijana anayeshona nguo za shule. Ule unaovuta kushoto ni ya Mama Geneviève, mashine nzee sana, haitanyooka hata ikipewa sadaka. Mkono ulikuwa mmoja tu kila mahali, wa kwake.

Emérita aliona aibu, na pia alihuzunika kidogo, kwa sababu wale wanawake wa kijani wa kichwani mwake walikuwa wameshaanza kumzoea. Akauliza kwa nini basi hakumpa yeye amshonee.

Théogène alivuta ukingo wa kitambaa, akaukaza.

“Wewe uliapa. Sikutaka ujue kama mimi napenda kile unachukia.”

Akamweleza jambo ambalo katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kulisema. Yeye pia alikimbia akiwa mtoto. Lakini kwao shida ilikuja nyumbani, kupitia mlangoni. Nje, vichakani, ndiko mama yake alikowakusanya wote kifuani, akawaimbia bila sauti, na hakuna kitu kilichowafikia. Tangu hapo, ndani ya nyumba masikio yake hayalali. Yanasubiri mlango. Chini ya miti anasikia kila kitu, pande zote, na kwa sababu anasikia kila kitu, analala.

Emérita aligeuka upande wake. Alitafuta mkono wake. Aliniambia kwamba alitaka kusema neno zuri na wakati analitafuta usingizi ulimchukua, usingizi mzito wa mtoto. Aliota kaka yake mdogo anatembea juu ya majani bila kuyavunja, hakohoi, ana mwavuli wenye maua.

Alipoamka kulikuwa kumepambazuka. Jua lilipita ndani ya kitambaa na kuwaangukia kwa rangi, mkono wake bluu, shavu la Théogène jekundu. Mume wake alikuwa bado amelala, mdomo wazi. Hakuwahi kumwona hivyo. Alikaa kimya asimwamshe, akaona pembeni kijiti kilichoanguka na mvua kimetoboa kitambaa, na kupitia tundu lile moshi mwembamba wa ukungu ulikuwa unaingia.

Walifika kwa Mama Geneviève mchana. Emérita alikuwa amemtengenezea sura nyingi kichwani, akakuta mjane mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyemkumbatia na kumwambia kwamba wamemsikia Théogène akimtaja mpaka wamechoka. Aliwapa sombe, yaani kisamvu, na samaki wa moshi. Théogène akakaa kwenye mashine, akaifungua, akaipuliza, akaipaka mafuta. Alipomaliza alitoa kitambaa ili aijaribu kama kawaida. Kisha akasimama, akamwachia mke wake kiti.

Emérita aliweka kiraka juu ya tundu, akakanyaga. Mashine ilivuta kushoto. Yeye akaiongoza kulia, polepole, kama unavyoongoza mzee anayejua njia lakini haoni vizuri, na mshono ukatoka umenyooka. Mama Geneviève alivua miwani, akaitazama tena mashine yake, akasema hakujua kwamba inaweza. Walikaa kwake kuliko walivyopanga, kwa sababu wanawake wa kijiji walileta magauni ya kurekebisha, na Emérita alishona barazani huku watoto wamelala kwenye kivuli cha nguo zilizoning'inia.

Waliporudi Kingi, Emérita aliondoa mbao zilizoziba dirisha la chumba chao, akaweka pazia jepesi, ingawa baridi ya kilimani ni kali. Aliung'oa mlango wa chumba, akaupeleka kwenye banda la kuku. Théogène aliyaona yote hayo, akachukua blanketi la pili, akajifunika. Usingizi wake wa nyumbani haukuja siku moja. Ulikuja kidogo kidogo, kama mtu anayejaribu kiti kipya.

Siku hizi njia zikitulia wanakwenda wote wawili, na zisipotulia wanakaa na kungoja kama sisi wengine. Mara ya mwisho nilipompita Emérita alikuwa ameketi mbele ya nyumba, anamfundisha binti mmoja wa jirani kukunja koti la mvua likae ndani ya kofia ya koti lenyewe. Binti alikuwa hafaulu. Emérita alichukua koti, akatoa hewa yote kwa viganja, bila haraka, macho yake yakiwa chini kabisa kule ambako vilima vinaisha na kijani kinaanza kuwa bluu.