Mkebe wa Senge Sellah

Nilimjua Sellah kwa sababu ya sufuria. Kazi yangu ilikuwa kuziba matundu ya sufuria na kunyoosha miavuli, natembea kutoka Suam mpaka Webuye, na kila nikipita Kibomet, pale Kitale, kulikuwa na mlango mmoja ambao sikukosa chai. Ndani ya mlango huo alikaa Sellah na cherehani yake, akishona sare za shule.

Alikuwa mama wa miaka hamsini hivi, maneno mengi, miguu ya haraka. Hakujaliwa mtoto, lakini alimlea Ivy, binti wa kaka yake, tangu wazazi wa msichana walipofariki. Ivy alimwita Senge, ndivyo tunavyomwita shangazi sisi watu wa Bungoma, na mtaa mzima ukafuata. Hata mimi niliyemzidi umri nilimwita Senge.

Mwaka wa elfu mbili na tatu, wakati wa kuvuna mahindi, utumbo wake ulijisokota kama kamba ya kisima. Tumbo likafura. Akakimbizwa hospitali, na daktari akaondoa karibu utumbo mpana wote, maana ulikuwa umeshakufa. Miezi saba Sellah alitembea na mfuko tumboni, ndio unapokea choo. Kisha akapasuliwa mara ya pili, utumbo mwembamba ukaunganishwa huko chini, na mfuko ukatolewa. Akina mama wa kanisa wakampigia vigelegele. Tukajua yameisha.

Kumbe utumbo mwembamba haujazoea kungoja. Alienda choo mara kumi, mara kumi na mbili kwa siku, maji maji tu, na maji yale ni makali. Ngozi yake ikababuka. Nilimkuta siku moja anashona akiwa amepiga goti moja juu ya kiti, mguu mwingine unakanyaga cherehani.

"Senge, huo ni mtindo gani?" nikamuuliza.

"Mzee, we ziba sufuria," akasema. "Mahali nimeungua, huwezi kuziba."

Mambo yalikuwa hivyo wakati habari ilipofika kutoka Bungoma. Kijana mmoja mwalimu, jina lake Makokha, alimtaka Ivy, na wazazi wake wametuma neno: watu wa msichana waje kuona boma, baada ya wiki tatu. Sasa kwetu, msichana asiye na mama, senge ndiye mama. Ndiye anaketi mbele, ndiye anamega chakula kwanza ili wengine wale. Mgeni asiyekula kwa wakwe ametukana jiko. Na ukibeba chakula chako mwenyewe kwenda kwao, heri usiende.

Sellah alijua hayo yote. Akaniambia, "Siendi. Nitaketi wapi na hii ngozi? Watanipa ugali ya wimbi, mboga chungu, mchuzi ya pilipili. Nikila, nitakimbia. Nikikataa, nimeua ndoa ya mtoto."

Ivy alikuwa anaosha vikombe. Bila kugeuka akasema, "Senge asipoenda, mimi pia siendi. Wanioe hapa hapa, cherehani iwe shahidi."

Basi Sellah akafikiri kivyake. Akaona, kama tumbo halina kitu, litatoa nini? Akaanza kujizoeza kukaa na njaa. Siku ya kwanza chai ya rangi tu. Siku ya pili maji. Akina mama wa kanisa wakasikia kwamba Senge hali, wakasifu sana. Ati amefunga kuombea ndoa. Wawili wakaja kufunga naye. Angewaambia nini? Akaitikia amina.

Siku ya tatu nilifika, nikamkuta amelala, midomo imekauka, na choo hakijapungua hata kidogo. Kilikuwa kimezidi, kibichi, kinachoma kama majivu yenye moto. Mimi na Ivy tukamshika huku na huku mpaka zahanati, kwa sista mmoja aitwaye Jeruto, mwanamke mfupi asiyebembeleza mtu.

Jeruto alimpa kwanza maji yenye chumvi na sukari, anywe polepole. Mimi nikatoka nje, lakini dirisha lilikuwa wazi na sauti ya Jeruto haina mlango.

"Nani alikwambia ukae njaa, mama?"

"Nilifikiri tumbo tupu inanyamaza."

"Haifungi duka hiyo. Usipokula, inamwaga maji yake ya kusagia chakula, na hayo ndiyo yanakula ngozi. Unaosha na nini?"

"Sabuni ya kipande. Na spiriti kidogo."

Nikasikia kitu kimewekwa mezani kwa kishindo.

"Spiriti," Jeruto akasema. "Juu ya kidonda. Mama, wewe ni mshonaji. Mtu akikuletea hariri, utaipiga brashi?"

Nikasikia Sellah anacheka kidogo, mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

Akaelezwa. Aoshe kwa maji ya uvuguvugu peke yake, asisugue, abonyeze tu kwa kitambaa laini mpaka pakauke, kisha apake ile dawa nyeupe ya zinki wanayopakwa watoto waliounguzwa na nepi. Apake kabla ya kuungua, si baada. Na ale kidogo kidogo, mara sita kwa siku: wali laini, ndizi mbivu, viazi vya kupondwa, uji mzito. Pilipili, maharagwe, mahindi ya kuchemsha na mboga ngumu aziache kwanza. Akiona damu au homa, arudi siku hiyo hiyo.

Kitambaa, Sellah alikitafutia njia yake mwenyewe. Alichukua leso kuukuu, ile iliyofuliwa mpaka imekuwa kama ngozi ya sikio, akaikata vipande, akapinda kingo ili uzi usikwaruze. Alivichemsha na kuvianika juani kila siku. Jirani akauliza kama Ivy ameshapata mtoto.

Mimi nilipotoka Suam nilimletea ndizi. Siku moja alijaribu kabichi kwa sababu ilinukia vizuri kwa jirani, na kabichi ikalipiza kisasi usiku kucha. Lakini siku nyingi zilikuwa njema. Safari za choo zikashuka mpaka saba, mpaka sita. Ngozi ikaanza kufunga. Wiki ya tatu nikamkuta ameketi kwenye kiti, juu ya mto wa sufi, anashona kwa miguu miwili kama zamani.

"Mzee," akasema, "kaka yangu hayupo, na upande wetu hauna nywele nyeupe. Utakuja uketi nasi?"

Mimi ni nani kukataa nyama ya kuku? Nikakubali.

Tulienda kwa pikapu ya jirani. Sellah alikalia mto wake wa sufi, na mkoba mkubwa anaukumbatia. Tulisimama Kiminini, tukasimama tena mbele, na hakuna aliyelalamika. Tulipofika Webuye, ile harufu ya kiwanda cha karatasi ikaingia dirishani. Sellah akavuta pumzi ndefu.

"Hapa ningejenga nyumba," akasema. "Hapa hakuna mtu angenishuku." Ivy alicheka mpaka akalia.

Kwa akina Makokha tulipokewa vizuri. Sebule imejaa, vitambaa vyeupe juu ya viti na meza. Sellah aliomba kiti cha karibu na mlango, akasema anapenda hewa. Alitoka mara moja, akarudi. Alitoka mara ya pili. Mama wa kijana akamwangalia mumewe.

Kisha chakula kikaja: ugali wa wimbi, kuku, mchuzi mwekundu wa pilipili, mboga chungu. Mama wa kijana akaweka sahani mbele ya Sellah, akasema, "Karibu, Senge. Tunakungoja wewe."

Mkono wa Sellah ulikuwa juu ya mkoba. Mimi nilijua kilichomo. Asubuhi nilimwona anajaza mkebe wali laini na ndizi za kupondwa, akaufunga kwa leso, akisema atakula chooni kama mwizi. Ivy alikuwa amekaza macho sakafuni.

Sellah akaiangalia sahani. Akautoa mkebe, akauweka juu ya kitambaa cheupe.

"Wakwe zangu," akasema, "mnisamehe. Sitaki mseme nimetukana jiko yenu. Mimi nilipasuliwa, utumbo ukatolewa, ukashonwa mwingine. Hii pilipili nikila, itanichoma kuingia na kutoka. Ndio maana natoka toka. Nimebeba chakula yangu. Kama hiyo ni makosa, ni yangu. Msiweke kwa huyu mtoto."

Baba wa kijana akakohoa. Ndipo sauti ikatoka kwenye kona, ya nyanya wa Makokha, Kukhu kama tunavyowaita nyanya kwetu, kikongwe aliyeketi kwenye mkeka, tuliyekuwa tumemsalimia na kumsahau.

"Ni nini iko kwa hiyo mkebe?"

"Wali na ndizi, Kukhu," Sellah akajibu. "Nimeponda."

"Leta hapa." Kikongwe akafungua mdomo, akatuonyesha ufizi mtupu. "Hawa watu tangu Pasaka wananipikia kuku ya kuangalia. Mimi pia nakula ya kupondwa. Wananiwekea malenge huko jikoni kama mtoto. Lete hiyo malenge, na sisi wawili tumege kwanza."

Mama wa kijana akaenda jikoni mbio, kicheko kimemshika. Sellah akashuka mkekani na mto wake wa sufi, akaketi kando ya Kukhu. Wakachanganya wali, ndizi na malenge kwenye sahani moja. Kukhu akamega, Sellah akamega.

"Haina chumvi," Kukhu akasema.

"Iko kidogo."

"Ngozi inauma bado?"

"Siku hizi imepoa."

"Basi kula. Utahitaji nguvu, hawa watu wanaongea sana."

Sote tukala. Mazungumzo yaliendelea mpaka jua likageuka, na Sellah alitoka mara mbili nyingine. Kila akitoka Kukhu aliwanyamazisha kwa mkono, akasema, "Ngojeni, mama ya msichana hayuko." Nao wakangoja.

Tulipopanda pikapu, mama wa kijana alikuja na ule mkebe. Kwetu chombo cha mgeni hakirudi kitupu. Alikuwa ameujaza malenge ya kupondwa, ya moto bado, na juu yake ameufunga leso vizuri.

"Tarehe tumekubaliana," akamwambia Sellah. "Siku hiyo nitapika sufuria mbili. Moja ya watu, moja yenu wawili."

Tulipokaribia Webuye Sellah aliufungua mkebe mapajani. Akala kidogo, akafunga, akala tena baadaye kidogo, kama alivyofundishwa.